Muulize Fundi: Ms. Pac-Man inajiristati, bodi imekufa kweli?

Swali: Fundi habari za kazi. Niko Ohio, Marekani, mwezi uliopita nimenunua mashine ya gemu ya zamani, Ms. Pac-Man, lile kabati la kusimama. Siku ya kwanza nimecheza na wanangu saa nzima haina shida. Sasa hivi nikiwasha kioo kizima kinajaa herufi na rangi zilizovurugika, mara inaingia kwenye gemu, unacheza kidogo inajiristati. Nikiligonga kabati ubavuni inatulia. Kuna fundi huku kaniambia bodi imekufa ninunue nyingine. Ni kweli? (Msomaji, Ohio)

Jibu: Usinunue bodi ndugu yangu, subiri kwanza. Bodi iliyokufa haiamki kwa kugongwa, kwa hiyo hapo kuna sehemu haikamati vizuri, na kwenye mashine hizi mimi sehemu ya kwanza naangalia njia ya umeme kabla sijagusa chipu hata moja.

Ms. Pac-Man ya 1982 ndani yake ni bodi ileile ya Pac-Man ya kampuni ya Midway, na ile bodi ina ugonjwa wake: transfoma iliyo chini ya kabati inapeleka AC (umeme unaobadili mwelekeo) ya volti ndogo moja kwa moja kwenye bodi, kugeuza kuwa DC (umeme wa upande mmoja) kunafanyika hukohuko juu ya bodi, na umeme wote huo unapita kwenye pini chache tu za konekta ndefu ya pini 44. Miaka 40 na kitu sasa. Pini inashika kutu, ikishika kutu inapata joto, ikipata joto inalegea, na ikilegea ndo joto linazidi. Chomoa plagi ukutani, vuta konekta, mulika kwa tochi, ukiona plastiki imegeuka kahawia au nyeusi umeshampata mchawi. Kuna moja niliwahi kuifungua waya ulikuwa umeshikiliwa na ganda lake tu, ndani shaba imeungua imebaki kama majivu, na mwenye mashine alikuwa ameshabadilisha chipu kibao.

Vile vidole vya bodi, yaani vibati vya ukingoni vinavyoingia kwenye konekta, usivisugue kwa msasa, utamaliza mchovyo uliobaki. Sugua taratibu kwa ufutio wa penseli halafu pitisha spiriti. Konekta yenyewe ikiwa imeungua usihangaike kuisafisha, weka mpya, zinapatikana, ila piga picha za waya zote kabla hujang'oa hata mmoja, yaani hili nakuomba sana.

Kagua na fyuzi. Siyo fyuzi yenyewe tu, na vishikio vyake, maana vile vibati vinapoteza nguvu ya kubana, fyuzi nzima kabisa lakini umeme unakuja unakatika, ukigonga kabati unarudi.

Hapo ndo unashika mita ya kupimia umeme. Weka DC, waya mweusi kwenye mguu wa 29 wa Z80, ile chipu ya prosesa, na mwekundu mguu wa 11, washa. Unatakiwa usome volti 5, chipu za ukoo ule zinataka kati ya 4.75 na 5.25, ukisoma 4.6 basi huo wehu wote wa kioo umeupatia sababu, prosesa inapotea njia na saketi ya ulinzi inairistati. Kisha geuza mita iwe AC palepale, isome karibu na sifuri. Ikionyesha nusu volti au zaidi ujue ile kapasita kubwa inayotuliza umeme juu ya bodi imekauka.

Volti zikiwa safi na bado inazingua, angalia kile kibodi kidogo cha pembeni. Ms. Pac-Man ilitengenezwa na vijana wa General Computer kule Massachusetts kama nyongeza juu ya Pac-Man, kwa hiyo Z80 imehamishiwa kwenye kibodi kinachounganishwa na waya bapa hadi kwenye soketi yake ya zamani, na pini za waya ule zinakatika kwa urahisi sana. Zima, hamisha Z80 irudi kwenye bodi kubwa, washa. Ikicheza Pac-Man ya kawaida (michoro mingine itaonekana ya ajabu, usiogope) basi bodi kubwa ni nzima na shida iko kwenye waya au kibodi. Mimi hiki kipimo nakipenda kuliko vyote maana hakihitaji hata shilingi. Halafu kuna swichi ya testi ndani ya mlango wa sarafu, ukiiwasha unatakiwa uone MEMORY OK.

Swali: Kaka yangu ananiletea mashine kama hizo Mombasa kutoka Marekani. Nasikia umeme wetu utaharakisha gemu au kuiunguza. (Msomaji, Mombasa)

Jibu: Kuiunguza ndiyo, ukiichomeka ukutani hivihivi. Kwao ni volti 120, kwetu 240. Tafuta transfoma ya kushusha, ya wati 300 au zaidi, siyo vile vidude vya chaja. Kuharakisha hapana kabisa, spidi ya gemu inatoka kwenye kristali iliyo juu ya bodi, Pac-Man ni megahezi 18.432, haijui umeme wa ukutani ni hezi ngapi. Ila transfoma ya ndani ilitengenezwa kwa hezi 60, kwenye 50 itapata joto zaidi, so usizibe matundu ya nyuma. Taa ya juu ibadilishe uweke ya LED.

Na hili dada au kaka yangu naomba ulisome mara mbili: kioo chake ni kama TV ya chogo, chini ya ile kofia ya mpira kuna volti kama elfu 20, na zinaweza kubaki humo hata baada ya kuzima. Usimruhusu mtu atie mkono kama hajui kuitoa chaji.

Swali: Nimepewa bodi ya Neo Geo MVS, ile ya mashine za gemu za kumbini, inaandika BACKUP RAM ERROR (hitilafu ya kumbukumbu inayolindwa na betri), na kuna unga wa kijani pembeni ya betri. (Msomaji, Leicester)

Jibu: Betri imevuja. Ile ni nikeli kadimiamu ya volti 3.6, bodi zilianza 1990, na maji yake yanakula njia za shaba hata chini ya rangi. Ikate leo hii, gemu linacheza bila betri, utapoteza tarehe, rekodi na mipangilio tu. Yale maji ni alkali kwa hiyo sugua na siki nyeupe kwa mswaki, itachemka kidogo, suuza kwa spiriti, kisha fuata njia moja moja kuelekea zile chipu za RAM kwa mita inayolia njia ikiwa nzima, isipolia njia imekatika, iunganishe kwa kawaya kembamba. Ukitaka betri mpya usiweke CR2032 (ile betri bapa ya kidonge, isiyochajiwa) hivihivi maana bodi itajaribu kuichaji, lazima uzuie chaji kwa dayodi, kile kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu. Iache ikauke usiku mzima, uwashe kesho yake.