BSA ya Moshi inang'aa, je, ninunue?

SWALI: Shikamoo Babu. Mimi ni mwalimu hapa Arusha. Kuna mzee kule Moshi anauza pikipiki aina ya BSA M20, silinda moja, cc 500. Ameikarabati yote: rangi mpya, rimu za kromu, tandiko jipya la ngozi. Anasema ni ya jeshi la Mwingereza, ya mwaka 1942. Shokapu za mbele ni za mirija kama za bodaboda. Nilipofika niliikuta tayari inanguruma uani, moshi wa bluu unatoka, akaniambia BSA zote ndivyo zilivyo. Anataka milioni nane. Nimpe?

JIBU: Marahaba, mwalimu. Usimpe bado.

Sikukatazi kununua. M20 ndiyo pikipiki ninayoipenda kuliko zote nilizowahi kufungua. Ilitengenezwa Birmingham kuanzia 1937 hadi 1955, na wakati wa Vita Kuu ya Pili jeshi lilichukua takriban 126,000. Nguvu zake ni farasi 13 tu, karibu sawa na bodaboda ya cc 150, lakini inavuta ikiwa chini kabisa, bila haraka, na kila mlipuko unausikia peke yake. Wazee wetu walioiita tukutuku walikuwa na masikio.

Sasa hiyo 1942. M20 za jeshi hazikuwa na shokapu za mirija. Mbele zilikuwa na mikono ya chuma na springi moja nene katikati. Mirija ilikuja baada ya vita. Kwa hiyo ama pikipiki ni changa kuliko anavyosema, ama mbele yake imetoka kwa nyingine. Si dosari ya kukufanya uiache, ila bei ya 1942 usilipe. Chuchumaa upande wa kushoto, chini ya silinda, usome namba ya injini. Nyingi za wakati wa vita huanza na WM20. Linganisha namba ya injini na ya chesisi na zilizo kwenye kadi. Moja ikikataa, rudi Arusha na hela zako.

Kuhusu moshi, mzee amesema nusu ya kweli. Oili ya M20 inakaa kwenye tangi lake pembeni, na pikipiki ikisimama wiki kadhaa, oili hupenya pole pole kwenye pampu na kujaa chini ya injini. Ukiiwasha, inaifukuza kwa moshi mzito, kisha baada ya dakika chache panakuwa safi. Ikishapata moto na bado moshi ni wa bluu, hapo ni ringi za pistoni au silinda iliyoliwa.

Kinachonisumbua zaidi ni kwamba uliikuta inanguruma. Yangu ya kwanza niliinunua hivyo hivyo, ya moto. Kesho yake asubuhi nikaiwasha ikiwa imepoa, nikasikia pistoni inagonga silinda, ka-ka-ka, mpaka chuma kilipopata joto na kutanuka. Kuchonga silinda na kutafuta pistoni kulinichukua miezi saba.

Basi mwambie mzee asiiguse kabla hujafika. Weka kiganja kwenye silinda. Iwe baridi kama mtungi. Fungua petroli, bonyeza kile kipini cha kabureta mpaka idondoke kidogo, rudisha nyuma kijiti cha cheche kwenye usukani ili cheche ichelewe. Kanyaga kiki pole pole mpaka ikaze, vuta kijiti cha vavu kinachoachia pumzi ya silinda, ipitishe kidogo, achia, kisha piga kiki yote. Kijiti cha cheche usikisahau! Mimi nilikisahau, kiki ikanirudi kama teke la punda, nikachechemea wiki mbili.

Ikishawaka, fungua mfuniko wa tangi la oili uchungulie. Ndani kuna kimrija kinachotema oili kwa vipande, tfu, tfu, kama mtu anayetema mbegu za chungwa. Kisipotema baada ya muda mfupi, zima hapo hapo.

Rangi na kromu usivitazame. Tazama vichwa vya boliti. Hizi zinataka spana za Kiingereza za Whitworth; za milimita hazikai sawa. Ukiona pembe za boliti zimeliwa na rangi mpya imepita juu yake, ujue fundi hakuwa na spana, na huko ndani usikokuona alifungua hivyo hivyo.

Mwisho, iendeshe dakika ishirini. Gia iko mguu wa kulia na breki mguu wa kushoto, kwa hiyo anza taratibu. Rudi, zima, kaa dakika tano, uwashe tena. Magneti, yaani kifaa kinachotoa cheche, ikichoka, pikipiki huwaka vizuri ikiwa baridi na kukataa ikiwa ya moto. Ikikubali kwa kiki mbili tatu, ndipo mkae chini na mzee, kadi ikiwa mezani, mzungumze bei.