Nipange Cheyo au Ipuli? Ramani inasema hivi, dalali anasema vile

SWALI: Shikamoo dada. Mi niko Ujiji, Kigoma, nimepata chuo hapo Tabora ila hosteli zimejaa kwa hiyo inabidi nipange mtaani. Dalali kanipigia ana vyumba viwili, kimoja Cheyo kingine Ipuli, vyote anasema "dakika kumi tu kwa mguu" na anataka hela yake kabla sijaona. Kaka yangu kaniwekea QGIS, programu ya kuchora ramani, kwenye laptop, akasema nichore duara la kilomita moja kuzunguka chuo nichague chumba kilichomo ndani. Nimechora, duara limefika mpaka Urambo! Nakosea wapi, na nimwamini nani?
Binti wa Ujiji

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na hongera kwa chuo. Hela ya dalali usitume hata buku mpaka umeingia ndani ya hicho chumba kwa miguu yako.

Tuanze na duara. Leya yako, yaani lile tabaka la ramani lenye nukta ya chuo, inapima kwa digrii, we umeandika 1 ukimaanisha kilomita, yenyewe ikaelewa digrii 1, ambayo ni kama kilomita 111, ndo maana imemeza Urambo, na ukiangalia vizuri hata Nzega imo. Cheki leya yako ya nukta ya chuo, lazima itakuwa EPSG 4326, namba ya mfumo wa vipimo unaotumia digrii. Ihifadhi upya kwa EPSG 32736 ambayo inapima kwa mita, kisha kwenye bafa, ile zana ya kuchora duara, andika 1000. Kubadilisha ile namba ya chini kulia kwenye kioo peke yake haisaidii, leya yenyewe ndo inatakiwa ibadilike. Na kama kaka yako alijifunzia ramani ya Kigoma mjini atakuwa kazoea 32735, maana mfumo huo wa mita umeigawa dunia kwa kanda, Kigoma mjini iko kanda ya 35, huku kwetu ni 36.

Sasa hata likikaa sawa, hilo duara linapima kana kwamba una mabawa. Mi mwaka wa kwanza hapa hapa Tabora nilichukua chumba ambacho kwenye ramani kilikuwa kama mita mia saba toka chuoni, nikafurahi kweli, kufika nakuta reli iko katikati na kivuko kiko mbali, yaani kila asubuhi natembea mpaka kivukoni ndo nianze kurudi kwa upande wa pili, siku nilipokuja kupima njia yenyewe ilizidi kilomita mbili. Reli ipo hapa tangu 1912 na njia za Kigoma na Mwanza zinaachana hapa, kwa hiyo kwa mji huu lazima uiangalie kabla ya kitu kingine chochote.

Kwa hiyo pima njia, achana na duara. QGIS ina zana ya njia fupi, unavuta barabara za OpenStreetMap, ramani ya bure ya mtandaoni, kwa kutumia QuickOSM, kiongezo cha QGIS, halafu inakutafutia, ila kiukweli kwa vyumba viwili tu app ya ramani ya OsmAnd kwenye simu inatosha, pakua ramani ya Tanzania ukiwa huko huko Ujiji, weka ya mtembea kwa miguu, hata bando likiisha inafanya kazi. Njia ikizidi kilomita moja hiyo sio dakika kumi, dalali aseme asemavyo. Ila ujue OpenStreetMap inachorwa na watu wa kujitolea, kuna vichochoro havimo.

Mvua nayo. Kuna data za miinuko za SRTM, zilipigwa Februari 2000 kutoka angani, watu wanazitumia kuangalia wapi maji yanatuama, lakini kisanduku kimoja ni kama mita 30 kwa 30, mtaro wa mbele ya geti lako hauonekani humo. Hilo muulize mama wa genge la karibu, muulize maji ya mvua yanapita wapi, bomba linatoka siku ngapi kwa wiki, na saa moja usiku watu wanapita wapi. Halafu saa hiyo hiyo ya usiku itembee hiyo njia na mwenzako. Kwa mtoto wa kike hapa ndo pa kuamulia, sio kwenye laptop.

Na hesabu ya kodi ifanye na nauli ndani yake. Tuseme chumba cha mbali ni 30,000, boda buku kwenda buku kurudi, siku 22 za masomo ni 44,000, tayari umefika 74,000 kwa mwezi, na mwenye nyumba anataka miezi sita mbele. Cha karibu cha 50,000 hapo ni nafuu kabisa.

Kwa leo mwambie dalali akutumie lokesheni ya geti la kila nyumba, geti kabisa, sio ya mtaa. Akianza kuzungusha maneno, hicho chumba kiache.