Choa cha paka: nywele zikiota, usiache dawa

Kipara kilianza nyuma ya sikio la kushoto, upana wake kama kidole gumba. Nikajisemea, huyu kapigana tu. Tufani, paka wetu mdogo, alikuwa na umri wa miezi minne, na kutwa kucha kazi yake ilikuwa kumchokoza Bibi Shamsa, paka wetu mzee asiyependa utani. Kofi moja la kucha nyuma ya sikio lisingenishangaza.

Ila kidonda cha kucha hufunga kigaga, kigaga kikadondoka, mambo yakaisha. Hapa hapakuwa na kidonda. Palikuwa na ngozi ya kijivu yenye magamba madogo kama mba, na ukingoni nywele zimekatika katikati, utadhani kuna mtu kazinyoa kwa wembe butu. Na hakuwa akijikuna hata kidogo.

Hilo la kutojikuna ndilo lililonipoteza. Mtu akipata choa huwashwa hadi akose usingizi, kwa hiyo nilidhani paka naye lazima ajikune. Sivyo. Wengi hawawashwi, au huwashwa kidogo tu. Tena usitegemee kuona ile duara safi uliyoizoea kwenye ngozi ya mtu. Kwa paka huja kama kipara kisicho na umbo maalumu, mara nyingi usoni, masikioni, miguuni na mkiani. Wengine huonyesha magamba tu, wengine vipele vidogo vyenye ukoko kidevuni, wengine kucha zinazokatika ovyo.

Duara yenyewe niliiona wiki mbili baadaye, mkononi mwangu, karibu na kiwiko, pale pale Tufani alipozoea kulaza kichwa. Kingo nyekundu zimeinuka, katikati pamefifia, na usiku inawasha. Hiyo haikuhitaji mtaalamu. Choa. Wengine mnakiita mashilingi, na kweli kinafanana na sarafu. Ndipo nikamgeukia paka na kumtazama upya.

Kabla ya kwenda kwa daktari nilifanya kosa moja, nalitaja ili usilirudie. Nilichukua dawa ya kupaka ya watu iliyokuwa kabatini, ile ya mchanganyiko yenye steroidi ndani yake, nikampaka. Wekundu ulipungua, nikafurahi. Kumbe steroidi hutuliza ngozi tu huku ikizima kinga ya mahali hapo, na kuvu inapata nafasi ya kutambaa. Baada ya siku kadhaa vipara vilikuwa vitatu. Isitoshe, chochote unachompaka paka ataishia kukilamba. Kwa sababu hiyo hiyo kaa mbali na mafuta makali ya mimea. Yale yanayouzwa kwa jina la tea tree ni sumu kwa paka, hata kama kwako wewe yalikufaa.

Kuvu inayosababisha choa kwa paka karibu kila mara ni Microsporum canis. Hilo canis ni neno la Kilatini linalomhusu mbwa, lakini paka ndiye mwenyeji wake mkuu. Mbwa, sungura na watu huambukizwa pia. Inakula keratini, yaani ile protini inayojenga nywele na kucha. Unywele ukishaliwa hukatika, na kila kipande kinachodondoka kimebeba vijimbegu vya kuvu. Tangu paka aguse ugonjwa hadi kipara kionekane hupita wiki moja hadi tatu. Wanaoshambuliwa zaidi ni watoto, wazee, wagonjwa na wenye manyoya marefu kama Persian.

Daktari wa wanyama alizima taa ya chumba akawasha taa ya Wood, taa ya mionzi ya urujuani iliyoitwa kwa jina la mwanafizikia wa Marekani, Robert Williams Wood, aliyebuni kichujio chake mwaka 1903. Nywele zenye Microsporum canis huweza kung'aa kijani cha tufaha, na kinachong'aa ni unywele wenyewe tangu kwenye shina. Za Tufani ziling'aa. Dawa yangu ya kupaka nayo iling'aa, buluu ya kupaukapauka, na nikalazimika kukiri mbele ya daktari. Vumbi na magamba pia huweza kumeremeta, kwa hiyo usinunue kitaa cha namna hiyo ukajifanya bingwa. Zaidi ya hapo, paka asiyeng'aa hajasafishika. Huenda ana choa vilevile. Daktari aling'oa nywele chache kwa kibano akaziweka chini ya hadubini.

Kisha akauliza kama nyumbani kuna wanyama wengine. Nikamtaja Bibi Shamsa, nikaongeza haraka kwamba yeye hana hata kidoa. Akanikabidhi mswaki mpya ndani ya pakiti. Nilidhani ni mzaha. Kazi yake ni kumchana paka mzima kwa dakika kadhaa, kisha ule mswaki unagandamizwa kwenye chakula maalumu cha kuoteshea kuvu. Kuvu ya choa ikimea, chakula hicho hugeuka kutoka manjano kuwa chekundu, ingawa mtaalamu bado huhakikisha kwa hadubini. Majibu huchukua hadi wiki tatu. Ya Bibi Shamsa yalitoka na kuvu. Paka mwenye manyoya yanayong'aa kwa afya, asiye na kipara hata kimoja! Huenda alikuwa akibeba tu vijimbegu vya Tufani juu ya manyoya, lakini kwa godoro langu hiyo haikuwa tofauti kubwa. Wote wawili wakaingia kwenye tiba.

Ni kweli kwamba paka mwenye afya huweza kupona choa bila dawa, kwa muda wa miezi miwili mitatu. Wapo wanaosema basi tumwache. Mimi sikubaliani nao, maana katika miezi hiyo anamwaga nywele zenye maradhi kila anapokaa, na nyumbani kunaweza kuwa na mtoto, mzee, au mtu ambaye kinga yake imepungua.

Tiba ina miguu miwili. Wa kwanza ni kumwosha mwili mzima mara mbili kwa wiki, maana kupaka kwenye kipara peke yake hakugusi nywele zilizoambukizwa ambazo hujaziona. Sisi tulipewa maji ya chokaa na salfa. Yananuka mayai viza, na hilo nalisema kwa adabu. Hupakwa hadi yaloweshe ngozi, hayasuuzwi, yanaachwa yakauke. Vua pete za fedha, zitakuwa nyeusi. Manyoya meupe yatageuka manjano kwa muda. Daktari alitushauri tumvishe kola ya shingoni mpaka akauke, asijilambe. Wengine hutumia shampuu yenye mikonazoli na klorheksidini, ambayo yenyewe huachwa kama dakika kumi kabla ya kusuuza. Weka taulo chini ya beseni miguu isiteleze, tumia maji vuguvugu, wala usimmwagie kichwani. Usoni pitisha kitambaa.

Mguu wa pili ni dawa ya kunywa, na hapa ndipo pa kumsikiliza daktari, siyo jirani. Tufani alipewa itrakonazoli: wiki moja anakunywa, wiki moja anapumzika, hadi zikatimia wiki tatu za dawa. Akikataa chakula au akitapika, unapiga simu. Tebinafini nayo hutumika. Griseofulvini ni ya zamani zaidi na haifai kabisa kwa paka mwenye mimba, kwani hudhuru watoto tumboni. Ketokonazoli ya watu iache kabatini. Paka hawaivumilii vizuri.

Nyumba ndiyo iliyonitoa jasho. Vijimbegu huweza kukaa hai zaidi ya mwaka, na niliposikia hivyo nilitaka kuchoma makochi. Daktari akanituliza: haviongezeki sakafuni wala havioti ukutani kama ukungu, vinahitaji nywele au ngozi. Ukiondoa nywele umeondoa sehemu kubwa ya tatizo. Kwa hiyo usifagie kavukavu, maana unavirusha hewani. Fyonza kwa mashine kama unayo, okota nywele kwa utepe wa gundi, kisha deki kwa maji ya sabuni. Dawa ya klorini huja mwisho, juu ya sehemu iliyokwisha oshwa, kipimo kimoja kwa 32 vya maji, iache ilowe dakika kumi. Usiichanganye na kemikali nyingine, na usimguse paka nayo. Nguo na matandiko fua mara mbili, usijaze mashine. Msuguano wa maji ndio unaofanya kazi, hata yasipokuwa moto.

Tufani tulimtengea chumba kisicho na zulia. Lakini paka mdogo akifungiwa peke yake kwa wiki nyingi hukua mwoga, kwa hiyo kila jioni nilivaa shati moja kuukuu la mikono mirefu, nikaingia kucheza naye, nikatoka nikalivua mlangoni. Nyumbani tuliliita shati la choa. Duara yangu mwenyewe niliitibu kwa dawa ya kuvu ya kupaka, isiyo na steroidi safari hii.

Wiki ya nne nywele zikaota, laini kama pamba. Nikataka kuacha. Kuosha paka wawili wenye hasira mara mbili kwa wiki kunachosha, mwenye uzoefu anajua. Daktari akanipa mswaki mwingine. Majibu: kuvu bado ipo. Ngozi ilikuwa imepona kwa macho tu. Tukaendelea mpaka mswaki wa pili ukatoka safi, na wa tatu nao safi. Kwa hesabu yangu ni wiki kumi tangu ile siku ya taa.

Siku tulipofungua mlango, Tufani alitoka mbio moja kwa moja kumrukia Bibi Shamsa. Bibi akamnusa, akamtazama kidogo, akamzaba kofi nyuma ya sikio la kushoto. Usiku nikachukua tochi nikamchungulia Tufani. Mkwaruzo mdogo, umeshafunga kigaga.