Boya la Kuvulia, Maji Baridi na Upepo wa Saa Nne

SWALI: Ndugu Mhariri, nilizaliwa Uvira, kando ya Ziwa Tanganyika, na ujanani nilikuwa nikiingia ziwani usiku pamoja na wajomba zangu kuvua ndagala na mikeke kwa taa. Sasa ninatimiza mwaka wa saba hapa Salt Lake City, katika jimbo la Utah. Mwenzangu wa kazini amenialika twende katikati ya Oktoba kuvua trauti katika bwawa la Strawberry, kila mmoja akiwa ameketi ndani ya boya la kujazwa upepo, miguu ikining'inia majini. Mke wangu anasema mtu mwenye akili timamu haingii ziwani kwa tyubu wakati wa baridi. Isitoshe, mwenzangu ameniambia kwamba samaki mkubwa nikimpata huenda nikalazimika kumrudisha, jambo ambalo kwetu halijapata kusikika. Je, niende? (Msomaji, Salt Lake City)

JIBU: Nenda, ndugu yangu, ila kabla ya kwenda umsikilize shemeji, kwa sababu amekosea kuhusu tyubu lakini hakukosea hata kidogo kuhusu baridi.

Tuanze na chombo chenyewe. Zamani boya hili lilikuwa kweli tyubu la tairi la lori, lililoshonewa kiti cha turubai katikati. La siku hizi lina umbo la herufi U, lina vyumba vya hewa zaidi ya kimoja ili kimoja kikitoboka kingine kikubebe, na mbele ya tumbo kuna kitambaa kilichochorwa rula ya kupimia samaki. Miguuni unavaa mapezi kama ya wapiga mbizi, na kwa kupiga teke taratibu unakwenda kinyumenyume, mgongo ukitangulia. Wewe uliyezoea kupiga kasia utaona ajabu kidogo, lakini baada ya robo saa utagundua faida yake: mikono yote miwili imebaki huru kwa ufito na mshipi, nao mshipi unakokotwa mbele ya macho yako badala ya nyuma ya mgongo.

Hatari ya kwanza ni upepo, na hapa ndipo ninapowaona wageni wengi wakikosea. Bwawa la Strawberry liko juu sana, yapata mita 2,300 kutoka usawa wa bahari, katika bonde pana lisilo na miti ya kutosha kuuzuia. Alfajiri maji hulala kama kioo, na mvuke hupanda juu yake hata usimwone mwenzako aliye hatua hamsini. Jua likishachomoza na ardhi ikaanza kupata joto, mara nyingi kufika saa nne au saa tano upepo huamka, na miguu yenye mapezi haishindani nao. Mwaka wangu wa kwanza niliondoka ufukweni huku kaupepo kadogo kakinisukuma kwa nyuma, nikafurahi kwamba nakwenda mbali bila jasho. Wakati wa kurudi nilipiga teke hadi mapaja yakakakamaa, nami nikawa nautazama mti uleule mmoja ambao hausogei. Nilitokea ng'ambo nyingine kabisa, nikazunguka bwawa kwa miguu na boya mgongoni kwa muda wa karibu saa mbili. Tangu siku hiyo naanza kwa kuuelekea upepo, hata ukiwa mdogo kiasi gani, ili ukizidi unirudishe kwenye gari, na sivuki kina kirefu kwenda ng'ambo. Uzuri ni kwamba katika majira hayo huna haja ya kwenda mbali, na sababu yake nitaieleza.

Hatari ya pili ni baridi ya maji. Ziwa Tanganyika lilikulea katika maji ya nyuzi ishirini na kitu za Selsiasi mwaka mzima, kwa hiyo ujuzi wako wa kuogelea, hata uwe mkubwa namna gani, haukukuandaa kwa haya. Mtaalamu Gordon Giesbrecht wa Chuo Kikuu cha Manitoba, Canada, anafundisha hesabu rahisi kukumbuka: anayetumbukia katika maji ya baridi kali ana dakika moja ya kutuliza pumzi inayomkatika, ana takriban dakika kumi ambazo mikono na miguu bado vinamtii, na ana kama saa moja kabla ya baridi kumpotezea fahamu. Maana yake ni kwamba wengi hufa maji mapema, kabla baridi haijawaua, kwa sababu ya ile dakika ya kwanza na zile kumi zinazofuata. Kwa hiyo jaketi okozi livaliwe na kufungwa. Ukilitundika nyuma ya kiti halitakusaidia kitu. Ndani vaa nguo za sufu au za nyuzi zisizoshika maji, usivae pamba, kisha juu yake ile suruali ya mpira inayofika kifuani, na ufunge mkanda kiunoni kwa nje. Watu husema suruali hiyo ikijaa maji humvuta mtu chini. Si kweli, maana maji ndani ya maji hayana uzito wa kukuzamisha. Shida ni kwamba huwezi tena kupanda kutoka, na mkanda ndio unaopunguza maji yanayoingia.

Sasa kuhusu samaki, na hapa utanisamehe nikirefusha. Majira ya joto bwawa hujigawa matabaka: maji ya uvuguvugu juu, ya baridi chini, nayo hayachanganyiki, hata hewa ya chini ikapungua. Maji huwa mazito kuliko wakati wote yakiwa na nyuzi 4. Basi vuli ikifika, maji ya juu yanapoa, yanakuwa mazito, yanazama, na pole pole bwawa zima linajikoroga kama chungu cha uji. Tanganyika yako, yenye kina cha mita 1,470, haijikorogi hivyo hadi chini, ndiyo maana sehemu kubwa ya vilindi vyake haina hewa wala samaki. Strawberry linapojikoroga, trauti aliyekuwa amejificha kilindini huja kwenye maji ya mita mbili au tatu, kando ya majani yanayokauka, akila kwa pupa kabla barafu haijafunga. Hapo ndipo boya linapouzidi mtumbwi wenye mashine, kwani linakufikisha juu ya samaki kimyakimya.

Tumia mshipi unaozama taratibu, na chambo bandia cha manyoya kinachofanana na ruba, cheusi au cha kijani cha zeituni, au cha kahawia kumfananisha na kamba wa maji baridi ambao ni wengi humo. Tupa, hesabu hadi kumi au kumi na tano kikizama, kisha vuta kidogo, pumzika, vuta tena. Kwenye ubaridi wa saa moja asubuhi matone yatagandia katika pete za ufito na mshipi utakwama. Chovya ncha ya ufito majini, barafu itaachia. Samaki hushika mara nyingi wakati wa kupumzika, nawe utahisi uzito tu, kama umenasa mzizi. Akiwa mkubwa, atalizungusha boya lako lote limwelekee.

Ukimvuta karibu, mtazame chini ya taya. Akiwa na mikwaruzo miwili myekundu kama aliyechinjwa, huyo ni trauti wa koo jekundu, na ndiye anayehusika na kanuni uliyoambiwa. Mwenye urefu wa kati ya inchi 15 na 22, yaani takriban sentimita 38 hadi 56, lazima arudishwe mara moja. Trauti na samoni kwa jumla ni wanne kwa siku, na kati yao wa koo jekundu wasizidi wawili walio chini ya inchi 15 na mmoja aliyepita 22. Kanuni huweza kubadilika, hivyo soma kitabu cha mwaka huo cha Idara ya Wanyamapori ya Utah, na ukate leseni, ambayo ni lazima kwa kila aliyetimiza miaka 12.

Sababu ya kanuni hiyo nadhani utaielewa kuliko Wamarekani wengi. Miaka ya themanini bwawa hilo lilivamiwa na samaki wasiotakiwa, chabu na wenzake, hadi trauti wakakosa chakula. Mwaka 1990 serikali ya jimbo ililitia bwawa zima rotenoni, ambayo ni ndugu wa sumu iliyomo katika utupa, ule mmea ambao wazee wetu walikuwa wakiutwanga na kuutia mtoni ili samaki walewe. Kisha wakapandikiza upya, wakachagua trauti wa koo jekundu wa asili ya Bear Lake, ziwa la mpakani mwa Utah na Idaho, kwa sababu akikua huwala hao chabu. Samaki wa inchi 18 unayemrudisha, basi, ni askari anayelilinda bwawa. Lowesha mkono kabla ya kumshika, usimtoe majini zaidi ya muda unaoweza wewe kuziba pumzi, na umwache aondoke mwenyewe. Wa kula utampata tu: trauti wa upinde wa mvua hana mipaka hiyo ya inchi, na nyama yake ni tamu ikichomwa kwa chumvi na ndimu. Watu wa Kenya hawatashangaa, kwani trauti wako katika mito ya Aberdare tangu 1905.

SWALI: Nimenunua boya lililotumika. Nyumbani linajaa vizuri, lakini nikifika bwawani linalegea baada ya nusu saa. Je, limetoboka? (Msomaji, West Valley City)

JIBU: Huenda halijatoboka. Hewa uliyoijaza barazani penye joto husinyaa ikikutana na maji baridi, kwa hiyo liache majini dakika tano ufukweni, kisha liongeze pumzi kabla ya kuketi. Ukitoka majini na kuliweka juani saa sita, fungua vali upunguze, maana joto pamoja na hewa nyepesi ya mlimani huweza kupasua mshono. Likiendelea kulegea hata baada ya hapo, lipake maji ya sabuni na utafute mapovu, ukianza na vali. Na kabla ya kulipeleka bwawa jingine, likaushe kabisa, mikunjo na mifuko yote, kwa sababu vifaranga vya kome wageni walioharibu Lake Powell, bwawa la kusini mwa Utah, ni wadogo hata macho hayawezi kuwaona, nao husafiri katika maji yaliyobaki humo.