Utambi wa ngapi? Maswali yenu kuhusu mishumaa ya soya ya mikebeni

Tangu niandike kuhusu kumimina nta ya soya kwenye mikebe, maswali yanayonifikia karibu yote ni ya utambi. Sishangai. Nta ukiikosea unaiyeyusha upya. Utambi ukiukosea hutajua mpaka mshumaa ufike nusu, na wakati huo mteja ameshaubeba kwake.

Mkebe wangu una upana wa sentimita 7.5. Niliweka utambi mnene ili uangaze vizuri. Ndani ya saa moja nta ya juu iliyeyuka hadi ukingoni, nikafurahi. Sasa umebaki nusu, unafuka moshi na mkebe haushikiki. Kulikoni? (Kondele, Kisumu)

Kilichokufurahisha ndicho kilichokuponza. Mkebe ukiwa umejaa, mwali uko juu na joto linatoroka hewani. Nta ikishuka, mwali unajikuta ndani ya kuta za bati, na bati halina simile kwa joto. Utambi uliotosha juu unazidi huko chini. Wako ulikuwa umezidi tangu juu.

Kipimo ninachotumia ni hiki: dimbwi la nta lipanuke kama sentimita 2.5 kwa saa. Mkebe wako basi ungehitaji kama saa 3, wewe ukamaliza safari kwa moja. Na hata baada ya saa hizo 3, mara ya kwanza napenda kuona mkanda mwembamba wa nta ngumu ukibaki ukutani, milimita 4 au 5 hivi. Usihangaike nao, utajiyeyukia wenyewe mshumaa ukishuka. Kina cha dimbwi kikipita sentimita moja sana, au ncha ya utambi ikiota kichwa cheusi kama uyoga, shuka saizi moja.

Hili nililijua kwa hasara. Kitambaa changu cha plastiki cha mezani kina duara lililokunjamana, saizi kamili ya kitako cha mkebe. Wageni huuliza kama ni sufuria.

Kwa hiyo fanya hivi. Pima kipenyo kwa ndani, rula ikipita katikati ya mdomo wa mkebe. Mimina mikebe 3 inayofanana, nta ile ile, tambi 3 za saizi zinazofuatana. Kwa upana wako, wengi wanaotumia tambi za aina iitwayo ECO huanzia saizi 10, 12 na 14. Washa saa 4, zima, acha ipoe kabisa, kata utambi ubaki milimita 5 au 6, washa tena. Endelea hivyo mpaka ibaki nta ya sentimita moja chini, hapo uache. Andika kwenye daftari kila saa, maana kichwa husahau ni mkebe gani ulitoa masizi.

Mishumaa yangu inachimba kisima katikati, nta ya kando inabaki vile vile. Nipandishe saizi? (Section 58, Nakuru)

Kwanza nijibu wewe: unauwasha kwa muda gani? Kwetu mshumaa huwashwa stima ikipotea, na stima ikirudi baada ya dakika 30 mtu anapuliza, puuf. Kesho yake hivyo hivyo. Hata utambi sahihi utachimba kisima kwa mtindo huo, kwa sababu dimbwi halikupewa nafasi ya kufika kando, na kila ukiwasha mwali unazidi kuzama kwenye shimo lile lile. Mshumaa mpya uupe jioni nzima mara ya kwanza.

Kama umeupa saa 4 na nta ya kando ni nene kama kidole, hapo ndiyo, panda saizi moja. Lakini uujaribie chumba kile kile utakamotumika. Usiku wa Nakuru si usiku wa Kisumu. Chumba cha baridi kinachelewesha dimbwi, na dirisha lililo wazi linaulaza mwali upande mmoja. Ulio nao sasa usiutupe. Uwashe, ufunike mdomo wa mkebe kwa karatasi ya foili yenye tundu katikati, nta ya kando italainika na kusawazika. Usiondoke karibu, na ukiitoa foili kumbuka ina moto.

Nyanya alikuwa akitengeneza utambi wa koroboi kwa kitambaa. Siwezi kutumia huo? (Kakamega)

Hapana, ingawa namheshimu nyanya. Koroboi inanyonya mafuta ya taa, ambayo ni mepesi. Nta ya soya hata ikiyeyuka ni nzito, inapanda polepole. Kitambaa kinakauka juu na kuanza kuungua chenyewe badala ya nta. Utambi wa mshumaa umesukwa bapa makusudi, ili ncha yake ijipinde hadi pembeni mwa mwali na kuteketea. Uzi wa pamba ukiusuka mwenyewe utawaka, sikatai, ila leo mkono umekaza na kesho umelegeza. Mikebe 20 itawaka kwa namna 20.

Duka limeishiwa na ECO 10, wananipa CD 10, utambi wa aina nyingine. Si ni sawa? (Bungoma)

Si sawa. Nambari inakuambia tu kwamba ndani ya aina hiyo 12 ni kubwa kuliko 10. Ukibadilisha aina, anza majaribio upya.

Bila harufu uliwaka vizuri. Nilipotia vanila mwali ukawa kama wa kiberiti kinachokufa. (Milimani, Kisumu)

Mafuta ya harufu nayo hupita kwenye utambi, na vanila nyingi ni nzito. Umetia kiasi gani? Gramu 60 hadi 100 kwa kilo ya nta zinatosha, na uzipime kwa mizani, si kwa kifuniko cha chupa. Punguza kwanza, isiposaidia, panda saizi moja. Na uliuacha ukae? Soya huendelea kukomaa baada ya kuganda, kwa hiyo mimi hungoja wiki 2 kabla ya kuhukumu. Rangi pia huweza kuziba utambi, kwa hiyo ukibadilisha rangi jaribu tena.

Mkebe wa sentimita 12? (Busia)

Tambi 2. Kila mmoja uchague kana kwamba mkebe wake ni wa sentimita 6 au 7, na uusimamishe katikati ya kitovu na ukuta.

Mume wangu anasema haya majaribio ni kuchoma pesa. (Lanet, Nakuru)

Mwambie mikebe ya majaribio haipotei. Hapa kwangu ipo 9 juu ya kabati, imeandikwa nambari ya utambi wake kwa kalamu ya wino mzito, na stima ikipotea ndiyo inayotuangazia. Isipokuwa namba 14. Huo watoto wameukataa, wanasema unawapaka masizi puani.