Ukienda kusoma Bologna, nenda na mdomo wako

Kila mwaka barua za udahili zikitoka, simu yangu hujaa ujumbe wa vijana waliopata nafasi Chuo Kikuu cha Bologna, Italia. Maswali ni yale yale: dada, nibebe hela kiasi gani? Nibebe unga? Baridi ikoje? Karibu wote wanakuja kusoma shahada ya uzamili inayofundishwa kwa Kiingereza, kwa hiyo suala la Kiitaliano wanaona limekwisha kabla halijaanza. Mimi nawaambia begi watalipanga tu, na hela watajifunza kuibana. Kinachoamua utaishije huku ni kama unaweza kusimama mbele ya mtu usiyemjua ukaongea naye, hata kwa Kiitaliano cha kuungaunga.

Sisi tuliosoma Tanzania tumelelewa na kalamu. Tangu mtihani wa darasa la nne hadi UE ya mwisho chuoni, unaandika, unakabidhi, unasubiri matokeo. Mwanafunzi mkimya anayepiga msuli usiku anatoka na alama zake na hakuna aliyewahi kusikia sauti yake. Italia haiendi hivyo. Chumba kinapatikana kwa mdomo, karatasi zinasogea kwa mdomo, na mtihani nao mara nyingi ni wa mdomo.

Karatasi kwanza, tuzimalize. Ukishatua una siku 8 za kazi za kuomba kibali cha kukaa, permesso di soggiorno. Unakwenda posta yenye dirisha la Sportello Amico, unaomba bahasha ya fomu, unajaza, unabandika stempu ya euro 16 inayouzwa kwenye maduka yenye alama kubwa ya herufi T, unalipia, unapewa risiti na tarehe ya kwenda Questura kwa polisi kuchukuliwa alama za vidole. Kadi yenyewe inaweza kuchukua miezi. Mpaka itoke, risiti ile ndiyo kitambulisho chako cha uhalali, usiiache nyumbani wala usiiweke kwenye mfuko wa suruali inayokwenda kufuliwa. Codice fiscale, namba ya kodi yenye herufi na tarakimu 16, ni bure, na bila hiyo husaini mkataba wa chumba wala hufungui akaunti. Ishughulikie wiki ya kwanza.

Matibabu yana mtego wake. Tangu 2024, mwanafunzi wa kigeni anayetaka kujiunga na mfumo wa afya wa taifa analipa euro 700 kwa mwaka, na mwaka wao ni Januari hadi Desemba. Ukilipa Oktoba, ifikapo tarehe 31 Desemba imekwisha, na hawakukatii nusu bei. Ndiyo maana wengi wanaofika Septemba huchukua bima binafsi ya miezi ile ya mwanzo, halafu wanaamua Januari.

Na ER.GO, shirika la mkoa linalotoa ufadhili, vyumba na chakula kwa wanafunzi wenye kipato cha chini, usiliache hata kama umeambiwa ni la Waitaliano. Si la Waitaliano peke yao. Ila linataka nyaraka za kipato na mali za familia yako, zimetafsiriwa na kuhalalishwa, na muda wa maombi hukimbia wakati wengi bado wanahangaika na viza. Kama baba ana duka na mama analima, hakuna mwenye hati ya mshahara, anza kuzunguka ofisi za mtaa na za kodi mapema mno, kabla hata barua ya udahili haijakauka wino. Ukiupata, jua una masharti: usipofikisha krediti wanazotaka ndani ya muda, hela inasimama, na unaweza kudaiwa uliyokwisha kula. Si bumu hili.

Sasa chumba. Bologna ni mji wa watu wapatao laki nne, na chuo chake kina wanafunzi zaidi ya 80,000, ukihesabu na matawi ya Cesena, Forlì, Ravenna na Rimini. Fanya hesabu mwenyewe. Mtu akikuambia ana chumba kizuri karibu na via Zamboni, mtaa wa chuo, bei poa, yeye yuko nje ya nchi, tuma amana atakuletea ufunguo kwa posta, huyo ni tapeli. Sijali picha ni nzuri kiasi gani. Usilipe chumba ambacho hujakiona wewe au mtu unayemwamini. Halafu dai mkataba uliosajiliwa. Wenye nyumba wengine hupenda mambo ya mkono kwa mkono ili wakwepe kodi, lakini bila mkataba huo ufadhili wa mwanafunzi anayeishi mbali na kwao unaweza kukuponyoka.

Na nikuambie lisilosemwa kwenye vipeperushi: utapiga simu, watasikia lafudhi, na chumba kitakuwa "kimeshachukuliwa". Dakika tano baadaye rafiki yako Mitaliano atapiga namba hiyo hiyo na chumba kitakuwepo. Inauma. Nilichoona kinasaidia ni kuacha simu na kwenda kwa miguu: soma matangazo yaliyobandikwa kwenye nguzo za eneo la chuo, ongea na wanafunzi wanaohama, waombe wakutambulishe kwa mwenye nyumba uso kwa uso. Mtu aliyekuona na kukusalimia anapata taabu zaidi kukudanganya. Si wote, lakini wengi. Chumba changu nilikipata kwa msichana niliyekuwa nakaa naye meza moja Salaborsa, maktaba ya manispaa iliyo Piazza del Nettuno, kando ya uwanja mkuu wa Piazza Maggiore, ambayo sakafu yake ina kioo na chini yake unaona mabaki ya mji wa Kirumi. Kuingia ni bure na kuna joto, mambo mawili ambayo ikifika Novemba utayathamini.

Mtihani ndio uliowatoa jasho wengi wetu. Chuo hiki kinahesabu kuzaliwa kwake tangu 1088, na nadhani namna yao ya kutahini haijabadilika sana tangu hapo. Unajiandikisha mtandaoni kwenye AlmaEsami, siku ikifika unakuta profesa amekaa na orodha, mnaitwa mmoja mmoja, unakaa mbele yake na kuulizwa. Wenzako wako nyuma yako wanasikiliza, kwa sababu mitihani ya mdomo ni ya hadhara. Alama ni kati ya 30, kufaulu ni 18, na ukiwa moto kweli unapewa 30 e lode, yaani 30 na sifa juu.

Hiyo hadhara inayowatisha watu ndiyo nafuu yako. Nenda kakae nyuma siku ambayo humo kwenye orodha. Mimi nilimsikiliza binti mmoja wa Bari katika somo la historia ya uchumi. Profesa alimwambia achague mada mwenyewe ya kuanzia, jambo wanalolifanya mara nyingi. Binti akavuta kiti mbele, akaanza na benki za Firenze za zama za kati, mikono yote hewani, na kila akimaliza kipande aliacha uzi unaning'inia: "na hapa ndipo linapoingia suala la sarafu…" Profesa akaudaka uzi, akauliza habari ya sarafu, ambayo bila shaka binti ndiyo aliyokuwa ameisoma vizuri kuliko zote. Kama robo saa hivi, na zaidi ya nusu ya maswali aliyapanga yeye. Alipoulizwa asichokijua hakukaa kimya kama sisi tunavyokaa kwa adabu. Alisema hilo halijui vizuri, ila anaweza kulifikiria kwa njia hii, akaendelea. Akaondoka na 28.

Kwetu kumkatiza mwalimu au kumwelekeza aulize nini ni utovu wa nidhamu, na kunyamaza unapokosa jibu ni heshima. Pale kunyamaza kunasomeka kama hujasoma. Kwa hiyo jizoeze kusema somo kwa sauti. Tafuta mwenzako, mkae chini Piazza Verdi pamoja na wanafunzi wengine waliojaa pale, pale ndipo vimbweta vyao, muulizane mpaka aibu iishe. Kukariri peke yako chumbani hakutakuokoa.

Na kuna jambo ambalo nikiwaambia ndugu zangu waliosoma Mlimani hawaamini: ukipewa 21 na hujaridhika, kwa kawaida unaweza kuikataa alama hiyo palepale na kurudi awamu inayofuata. Hakuna sapu, hakuna kudisko kwa sababu ya somo moja. Ila usijizoeshe kukataa kataa, maana krediti za ufadhili zina tarehe, na tarehe haijui kwamba wewe ulitaka 30.

Chakula. Kama wewe ni Mwislamu, Bologna inahitaji macho na, tena, mdomo. Mji huu unajivunia nguruwe kuliko kitu kingine chochote. Mortadella ni nguruwe, hilo linajulikana. Wengi hawajui kwamba tortellini, zile tambi za kukunja, zinajazwa nyama hiyo hiyo, kwamba ragù, mchuzi wa nyama wa tambi za tagliatelle, mara nyingi ina pancetta, nguruwe tena, ndani pamoja na ng'ombe, na kwamba piadina, ule mkate unaofanana na chapati ambao utauona kila kona na utautamani, kwa asili hukandwa kwa strutto, mafuta ya nguruwe. Uliza: "C'è lo strutto?" Sehemu nyingi wana ya mafuta ya zeituni, na hakuna anayekasirika ukiuliza, Waitaliano wanaweza kuzungumzia viungo vya chakula mpaka basi likuache. Nyama ya halali, nazi, muhogo, ndizi za kupika na pilipili vipo Bolognina, ng'ambo ya stesheni ya treni, kwenye maduka ya Wabangla, Wamoroko na Waafrika wenzetu.

Kuhusu unga, usibebe. Utajaza kilo zako bure. Unga wa polenta ni mahindi, ya njano. Angalia pakiti: bramata ni chenga, fioretto ni laini, na hiyo laini ndiyo inayokaribia sembe. Ile iliyoandikwa istantanea imeshapikwa kiwandani na haikazi inavyotakiwa, iache rafuni. Maharage ya borlotti ndiyo haya haya yetu.

Nilipopika ugali mara ya kwanza, mwenzangu wa nyumba, kijana wa milimani kaskazini, alikuja kusimama jikoni na kikombe chake. Mimi nimeshachemsha maji, nimetia unga, nasonga kwa mwiko wa mbao niliokuja nao kutoka Tanga, sufuria nimeibana kwa kitambaa. Kufumba na kufumbua nageuza kwenye sahani. Akaangalia saa ya ukutani, akaangalia sahani. Akasema hicho hakijaiva. Bibi yake anapika polenta zaidi ya nusu saa, anakoroga bila kupumzika, na inatoka laini inayomwagika. Nikamwambia basi bibi yake anapika uji. Tukabishana mpaka mboga ikapoa, mimi kwa Kiitaliano kibovu, yeye kwa mikono. Akakata tonge, akachovya kwenye samaki wa nazi, akanyamaza, akakata la pili. Kozi za lugha za chuo nzuri, ziko kwenye kituo chao cha lugha na jiandikishe mapema, lakini Kiitaliano changu kingi kilitoka jikoni humo.

Mengine ni madogo, nayapitia haraka. Koti usinunue dukani. Ijumaa na Jumamosi kuna soko la Piazzola pale Piazza VIII Agosto, na kwenye meza za mitumba utachambua ukiwa nyumbani kabisa, kushinda Mitaliano yeyote aliye pembeni yako. Kipasha joto cha majengo kisheria ni kuanzia 15 Oktoba hadi 15 Aprili, kwa saa maalumu za siku, kwa hiyo wiki ya baridi ikitangulia Oktoba unavaa soksi mbili na kunyamaza. Mvua haina shida: vibaraza vilivyoezekwa vya katikati ya mji, vilivyoingizwa UNESCO 2021, vinakufikisha karibu popote bila mwavuli. Tiketi ya treni ya karatasi igonge kwenye mashine kabla ya kupanda, faini haibembelezeki. Mgomo ukitangazwa, treni za mkoa zinazohakikishwa siku za kazi ni za saa 12 hadi 3 asubuhi na saa 12 jioni hadi 3 usiku. Kibali cha mwanafunzi kinakuruhusu kufanya kazi saa 20 kwa wiki. Kabla ya kukimbilia kubeba pizza kwa baiskeli, ulizia zile kazi za wanafunzi za saa 150 ndani ya chuo chenyewe. Na ukiingia kwa daktari ukakuta watu wamekaa ovyo bila foleni, salimia kisha uliza nani wa mwisho. Foleni ipo, imo vichwani mwao. Usipouliza, huna nafasi ndani yake.

Agosti nusu ya maduka hufungwa, hasa karibu na tarehe 15, na wenzako wa nyumba watarudi kwao. Kama huna nauli ya kwenda popote, jaza friji mwishoni mwa Julai. Majira hayo usiku Piazza Maggiore huwekwa skrini kubwa na filamu huonyeshwa bure mbele ya kanisa la San Petronio. Viti huisha mapema sana, kwa hiyo beba kanga ya kukalia chini, na kaa pembeni ya mtu anayeonekana mpenda maneno.