Redio ya dishi kwenye sabufa ya sebuleni

Huku kwenye milima ya Usambara, redio ya FM ni ya kubahatisha. Mawimbi yake hupita kwa mstari ulionyooka, kwa hiyo mlima ukisimama kati ya nyumba yako na mnara, ndiyo basi tena. Jirani wa juu kilimani anapata stesheni safi, sisi wa bondeni tunapata mkwaruzo. Dishi halina shida hiyo. Dishi la Azam, kwa mfano, hutazama magharibi, kwenye setilaiti iliyo nyuzi 7 Mashariki, na ukiwa Lushoto setilaiti hiyo iko zaidi ya nyuzi 50 juu ya upeo wa macho. Mlima wa kuziba hapo hatuna. La DStv ndiyo kabisa: nyuzi 36 Mashariki ni karibu na utosi wetu.

Na king'amuzi kile kile cha kutazamia mpira kina redio ndani yake. Nashangaa watu wanalipia kifurushi miaka na miaka bila kufungua orodha hiyo. Kwenye rimoti nyingi kuna kitufe cha redio, au itafute ndani ya menyu. Kinachowakatisha tamaa wanaojaribu ni spika za runinga, ambazo ni nyembamba mno kwa muziki na hata kwa sauti ya mtangazaji. Suluhisho mnalo tayari pembeni ya meza: sabufa.

Kabla sijafika kwenye waya, neno moja kuhusu vifaa vya kununua. Wa rika langu wanaikumbuka WorldSpace, kampuni ya Noah Samara, mzaliwa wa Ethiopia, iliyorusha setilaiti ya AfriStar Oktoba 1998 ili Afrika ipate redio moja kwa moja kutoka angani. Ilikuwa kazi kubwa na nzuri. Lakini Oktoba 2008 kampuni iliingia kwenye ufilisi, na baadaye matangazo yakakoma. Ukiviona vile viredio vyenye antena bapa kwenye mtumba, viache, havina cha kupokea. Vivyo hivyo ndugu aliyeko Marekani akitaka kukuletea kifaa cha SiriusXM, mshukuru, umwombe akuletee kingine. Setilaiti zao zinahudumia Amerika Kaskazini, huku kwetu kitakaa bubu.

Sasa waya. Ving'amuzi vingi vya siku hizi vina tundu dogo la AV nyuma, na waya wake hugawanyika vichwa vitatu: cha njano ni cha picha, chekundu na cheupe ni vya sauti. Chomeka chekundu na cheupe nyuma ya sabufa, palipoandikwa AUX au DVD, halafu kwenye rimoti ya sabufa bonyeza INPUT mpaka kioo kionyeshe jina hilohilo. Cha njano kiache kining'inie. Picha inaendelea kwenda kwenye runinga kwa HDMI kama kawaida.

Hapa wengi wanakwama, na mafundi wengine hukuambia king'amuzi kimeharibika. Unawasha, spika moja inatoa sauti ya redio na nyingine inanguruma *zzzzz* mfululizo. Huo si ubovu. Waya hizi za AV zinafanana kwa nje, lakini watengenezaji hawapangi njia zake kwa namna moja. Ukitumia waya uliotoka kwenye deki au kamera ya zamani, njia ya picha inaweza kuangukia kwenye kichwa chekundu. Dawa ni kuhamisha: toa kinachonguruma, weka cha njano mahali pake, sikiliza. Vichwa ni vitatu tu, kwa hiyo utapata viwili vya sauti haraka. Rangi zisikutishe, sikio ndilo mwamuzi.

Ukishapata sauti pande zote mbili, pandisha sauti ya king'amuzi karibu na mwisho, kisha punguza na kuongeza kwa sabufa pekee. Ukifanya kinyume, king'amuzi chini na sabufa juu, unakuza na vumi la ndani ya mashine. Mwenye amplifaya kubwa na king'amuzi chenye tundu la optiki atumie hilo. Sauti inasafiri kwa mwanga na matatizo ya kunguruma yanaisha papo hapo. Ila aingie kwenye mpangilio wa sauti achague PCM, yaani sauti isiyobanwa, iwapo amplifaya yake ni ya zamani, la sivyo huenda akapata kimya.

Mngurumo mwingine ni ule wa chini, mzito, unaosikika pande zote mbili hata redio ikinyamaza. Huo mara nyingi unatokana na umeme: king'amuzi kimeungwa na dishi nje, sabufa imechomekwa ukuta mwingine, na njia zao za ardhini haziko sawa. Vichomeke vyote kwenye ekstensheni moja kwanza. Mara nyingi unaisha hapo. Akija fundi akataka kukata pini ya ardhi kwenye plagi ili mngurumo uishe, mkatalie kabisa. Ile pini inalinda maisha ya watu wa nyumbani.

Mama yangu ndiye aliyeuliza swali la maana kuliko yote. Anapenda taarifa ya habari ya saa mbili usiku, na tulipomaliza kuunga akasema, "Mwanangu, hiyo runinga inawaka ya nini kama tunasikiliza tu?" Hakukuwa na sababu. King'amuzi kinakula umeme kidogo sana ukilinganisha na kioo, na wenye sola wanajua uzito wa jambo hili. Lakini runinga nyingine ukiizima inakizima na king'amuzi kupitia waya wa HDMI. Ikikutokea hivyo, ingia kwenye mipangilio ya runinga, tafuta CEC, ambayo kila kampuni imeipachika jina lake, uizime. Halafu mwandikie mama namba za stesheni zake kwenye karatasi, uibandike ubavuni mwa sabufa. Bila kioo hakuna orodha ya kusoma, na mtu mzima hapaswi kumngoja kijana arudi ndipo asikilize redio yake.

Kifurushi kikiisha je? Hili muulize muuzaji akuonyeshe dukani kwa macho yako, redio zikilia kwenye king'amuzi kisicholipiwa. Asikujibu kwa mdomo tu.

Mvua kubwa ya masika inaweza kukata matangazo, kwa kuwa mawimbi ya dishi hizi ndogo hufyonzwa na maji yaliyo hewani. Subiri, yatarudi. Radi ni habari nyingine: ukiona inakuja, kabla haijakaribia, chomoa waya wa dishi kwenye king'amuzi na plagi zote ukutani, maana sasa njia ya kutoka paani inafika mpaka kwenye sabufa.

Jambo la mwisho linawahusu sana wanaofunga saumu. Redio ya dishi huchelewa. Kwenda angani kilomita 36,000 na kurudi ni robo sekunde tu, lakini kuibana sauti na kuifungua tena huongeza sekunde kadhaa, kwa hiyo usirekebishe saa yako kwa milio ya redio hii. Sekunde hizo hazimuumizi mfungaji. Kinachoweza kumuumiza ni umbali. FM ya zamani ilikuwa ya mji wako, dishi linakuletea Dar es Salaam popote ulipo, na adhana ya Magharibi ya Dar inaingia Kigoma jua bado liko juu, kwa zaidi ya nusu saa. Nimeshuhudia ndugu wa huko wakinyoosha mkono kwenye tende kwa adhana ya sabufa, mpaka mzee mmoja akawaambia, "Subirini, wanangu, hiyo ni ya pwani." Ratiba ya msikiti wa mtaani iwe ukutani karibu na spika, na futari ifuate hiyo.